Baharia Akifa, Afe Kabisa?

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao mbele ya duka la fundi cherehani. Kahawa nauza mimi. Maneno yanatolewa bure, na thamani yake ni hiyo hiyo. Wa kudumu ni watatu. Sindano ndiye mwenye duka. Waya ni fundi umeme ambaye kila siku yuko njiani kwenda kazini. Wakili si wakili: aliuza fomu nje ya mahakama miaka ishirini, akajipandisha cheo mwenyewe. Wa nne ni Gia, dereva wa malori mstaafu, lakini wiki tano zilizopita alipata kiharusi, na sasa yuko kwake, mtaa wa pili. Leo asubuhi binti yangu alikuja na tableti. Yeye na wenzake ofisini wanatengeneza mchezo wa maharamia wanaopigana kwa mahesabu, upande mmoja ukicheza, mwingine unasubiri zamu yake. Saa nane mchana alikuwa na kikao. Wakubwa zake wanataka baharia akiuawa afufuliwe kwa kitufe, eti ndicho wachezaji wanachopenda. Binti yangu anataka akifa awe amekufa. Akishindwa kuwashawishi, mchezo aliouhangaikia miaka miwili anapewa mtu mwingine. Mimi mambo ya michezo siyajui, ila usiku kucha nilimsikia akijigeuza kitandani, nikamwambia njoo uwaulize wale, wana maoni kuhusu kila kitu. Hapo ndipo nilipokosea.

Binti: Shikamooni, baba zangu. Nina swali moja tu. Mtu akicheza mchezo wa maharamia, anataka nini hasa?

Waya: Marahaba, mwanangu. Anataka taa.

Binti: Taa?

Waya: Meli inakwenda gizani, mizinga inalia, mtu anapigana na asichokiona? Weka jenereta. Nusu ya maharamia wa zamani hawakufa vitani. Walijikwaa.

Sindano: Usimsikilize huyo. Uharamia wote ni tanga. Tanga likichanika, hata uwe na mizinga mia, unaelea tu kama ganda la yai. Mchezaji anataka kushona. Mpe uzi, mpe viraka, mwache na akili yake.

Waya: Nani aache shughuli zake akashone tanga kwenye kioo?

Sindano: Wewe hapo. Feni ya watu umeiacha inaning'inia tangu Jumatatu.

Wakili: Tulieni, jamani, tulieni. Kisheria, haramia ni raia. Anachotaka ni utaratibu. Kabla mzinga haujapigwa, adui aandikiwe notisi ya siku kumi na nne. Asipojibu, azamishwe. Na kasuku awe shahidi.

Sindano: Kasuku anarudia tu alichoambiwa.

Wakili: Shahidi gani asiyefanya hivyo?

Binti yangu alikuwa ameandika "jenereta" kwenye daftari. Akaikata. Nikaona machozi yanaanza kumlenga, nikamkanyaga mguu chini ya benchi.

— Waulize la kufa, — nikamwambia.

Binti: Basi niambieni hili. Baharia akiuawa, afe kabisa, au kuwe na kitufe cha kumrudisha?

Hawa watu hawajawahi kukubaliana hata kwamba leo ni Jumanne. Lakini hapo walijibu kwa kauli moja.

Waya: Afe! Umeme ukikupiga, kuna kitufe?

Sindano: Afe kabisa. Kitambaa ukishakikata, umekikata.

Wakili: Afe, azikwe, na mirathi ifunguliwe siku hiyo hiyo.

Binti yangu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aamke. Akawapa tableti, akawaelekeza. Mabaharia wako wanne. Sakafu ya meli imegawanywa viraba. Kila baharia ana hatua mbili. Mkimaliza mnabonyeza "Maliza zamu", na adui anacheza. Majina wachague wenyewe. Wakajipa yao, na wa nne wakamwita Gia bila mjadala. Sindano akamweka kwenye mzinga wa nyuma.

Sindano: Amezoea mashine kubwa, huyu.

Vita ikaanza, na sijapata kuona mahesabu ya kijinga kama yale. Waya alitumia hatua zake zote kumzungusha mtu wake kwenye mlingoti, anatafuta pa kupitisha nyaya. Zamu ya tatu, Sindano wa kwenye kioo akapigwa risasi akaanguka. Walicheka mpaka benchi likatingishika.

Sindano: Mmeniona lakini? Nimekufa kishujaa!

Waya: Umeanguka kama kopo.

Zamu ya nne, Wakili akasukumwa baharini. Wakacheka tena.

Waya: Amezama na notisi yake mkononi.

Wakili: Nitakata rufaa huko huko chini.

Halafu adui watatu wakapanda nyuma ya meli, wakamzunguka Gia. Waya alikuwa mbali. Angeweza kumfikia mmoja tu, na wawili wangebaki. Wakahesabu viraba kwa vidole, wakahesabu tena kuanzia upande wa pili, jibu likawa lile lile. Kilichobaki ni kubonyeza "Maliza zamu".

Hakuna aliyebonyeza.

Waya: Sindano, bonyeza.

Sindano: Bonyeza wewe. Mimi marehemu.

Wakili: Mimi pia niko majini, sina mamlaka.

Waya: Basi tufikirie kwanza.

Wakafikiria. Nikamimina mzunguko mmoja wa kahawa, nikamimina wa pili. Mteja alikuja kuchukua suruali yake, Sindano akamwambia arudi kesho bila hata kumtazama usoni. Waya akasema Gia aingizwe kwenye pipa. Sindano akasema hapana, avalishwe gauni apite kama mpishi wa kike, gauni atamshonea mwenyewe. Wakili akasema njia ni moja tu: Gia aitangaze sehemu ya nyuma ya meli kuwa nchi huru, na adui yeyote anayetaka kumkata panga aombe viza.

Binti: Baba zangu, mchezo hauna hayo.

Sindano: Hebu, mwanangu. Kile kitufe cha kufufua mnakiweka upande gani?

Binti: Si mmesema afe kabisa?

Sindano: Tulisema baharia. Huyu ni Gia.

Waya: Mwekee yeye peke yake. Nani atajua?

Binti yangu akaangalia saa, akafunika mdomo kwa mkono.

Binti: Mmekaa kwenye zamu moja dakika arobaini. Arobaini! Kingekuwepo kitufe mngekaa sekunde mbili. Mnaona? Wachezaji wanataka kuogopa. Wanataka kuwa na mtu wa kumpoteza!

Akainamia daftari, akaandika mbio mbio. Nilijua amepata la kuwaambia wakubwa zake, na furaha ilinijaa mpaka nikawaongezea wale wazee kahawa bila kuombwa, jambo ambalo silifanyi hata siku ya harusi.

Ndipo mwanamke mmoja akasimama mbele yetu na chupa ya chai. Ilituchukua muda kumtambua, kwa sababu hapa kijiweni hajawahi kufika. Alikuwa mke wa Gia. Wanaume wote wakasimama.

Wakili: Karibu, shemeji, karibu sana.

Mke wa Gia: Ahsanteni. Nijazie kahawa, dada. Ya kwangu anaikataa, anasema ni maji ya kuoshea vikombe.

Waya: Anaendeleaje, shemeji? Tulikuwa tunakuja wiki hii hii.

Sindano: Kazi tu zimetubana. Hatupati hata nafasi ya kukaa.

Mwanamke akatazama vikombe kwenye benchi. Akatazama tableti, akaliona jina.

Mke wa Gia: Gia? Huyu ni yeye?

Waya: Ni yeye, shemeji. Tunamlinda. Tangu asubuhi hatujakubali aguswe.

Akakiangalia kile kioo. Nilitamani angekasirika, angetutukana, tukajua pa kuanzia kuomba radhi. Hakukasirika.

Mke wa Gia: Maneno yanamtoka kwa shida, lakini yanatoka. Kila asubuhi namtoa nje kibarazani, na kila asubuhi ananiuliza swali moja. Ananiuliza kijiwe kimehamia wapi. Leo nimwambie nini?

Waya alikuwa anasoma maandishi kwenye kikombe kisicho na maandishi. Nami nikainama kujaza chupa, nikaijaza pole pole, kwa sababu kibaraza kile nakipita kila jioni nikirudi na mabirika yangu, na wiki tano hizi nimekuwa nikipita upande wa pili wa barabara.