Picha Nyeusi za Jumanne

Muuguzi wetu wa afya ya akili anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kliniki hii. Wakubwa walitaka daktari ndiye amwandikie hotuba ya kumuaga. Daktari yuko hapa mwaka wa pili tu. Mimi nimepiga deki chumba cha huyu tangu alipoingia na suruali fupi kuliko miguu yake. Basi nasema mimi, mjukuu wangu anaandika, na akipamba nitajua.

Sote tunamwita Piga-Tena. Jina lilitoka kwenye kikundi cha picha alichokianzisha miaka kumi na miwili iliyopita katika stoo ya magodoro. Wagonjwa waliochoka kuulizwa maswali aliwapa kamera ndogo, nyembamba kama kipande cha sabuni iliyokwisha, wakae nayo nyumbani wiki nzima, wapige kinachowalemea. Jumanne picha zinatandazwa mezani. Aliyepiga ndiye anayesema kwanza. Wengine midomo kufuli. Picha ikitoka imetikisika, alisema, “Piga tena.”

Kikundi kilifanya mambo. Mshona viatu aliyekuwa akifukuzwa bombani, akiitwa kichaa, alipiga picha ya migongo ya majirani, migongo kumi na minne bila uso hata mmoja. Ilitundikwa ofisi ya mtaa. Wenye migongo walijitambua. Wiki iliyofuata walimpisha kwenye foleni.

Lakini mimi nampendea kosa lake, na hili nalisema mbele yake asikie.

Alikuja dada mmoja, mfua nguo, asiyetoa neno. Jumanne ya kwanza picha zake zote zilitoka nyeusi. Piga-Tena akadhani ameziba lenzi kwa kidole. Akamwonyesha pa kushika, akazitupa. Jumanne ya pili, nyeusi. Akazitupa. Ya tatu, nyeusi tena, na zilipotumbukia kwenye kapu la takataka yule dada alinyoosha mkono kuzidaka.

Kapu ni langu. Nilizitoa, nikazipeleka dirishani. Weusi ule haukuwa mtupu. Chini kabisa kulikuwa na ufa wa mwanga, mwanga wa chini ya mlango, na ndani ya mwanga miguu miwili yenye ndala imesimama kwa nje, imetulia kama inasikiliza. Picha ya pili, miguu ileile. Ya tatu, miguu ileile, ila vidole vya mkono vimepenya chini ya mlango, vinamtafuta mpiga picha.

Viatu vya watu wa Jumanne navipanga mimi mlangoni. Ndala ile ya mkanda wa bluu, uliokatika ukaungwa kwa waya, naijua. Ilikuwa ya yule dada mwenyewe. Nywele zilinisimama. Kama yeye yuko nje ya mlango, kamera iko mkononi mwa nani?

Nilimwita Piga-Tena kwa jina alilopewa na mama yake. Hufanya hivyo nikikasirika. Akatazama, akakaa juu ya ndoo yangu. Kisha akamuuliza dada yule nani yuko ndani. Akajibu kwa mara ya kwanza: “Mdogo wangu. Nampitishia kamera chini ya mlango.”

Mchana uleule Piga-Tena alikwenda nyumbani kwao na mjumbe wa mtaa. Baba yao akaapa kwamba chumba kile kilichofungwa kina magunia tu. Piga-Tena akalala kifudifudi uani, na koti lake jeupe, akachungulia chini ya mlango. Macho mawili yakamtazama. Binti alikuwa humo miaka minne, amefichwa kwa aibu ya ugonjwa wake. Kufuli lilivunjwa kwa shoka.

Tangu siku hiyo hakuna picha inayotupwa hapa, na “piga tena” hajaisema hata kwa utani. Zile Jumanne mbili alizozitupa anazihesabu mpaka leo. Moja ya picha nyeusi iko ukutani. Wageni wakiuliza kwa nini tumetundika iliyoharibika, tunawaambia wainame.

Binti yule ndiye atakayeshika kikundi mwezi ujao. Bado halali mlango ukifungwa, na bado anapiga picha za miguu. Ya kuaga ameshaipiga: viatu vya Piga-Tena kizingitini, ncha zikitazama nje.

Asante, kijana wangu, kwa kulala vumbini. Uishi vyema na uzeeke taratibu, na popote utakapolala, mlango ufunguke kwa ndani.