Mkasi wa Bwana Jilali na Zulia la Lalla Tuda

Wasikilizaji wapendwa, aliye na birika motoni aliteremshe kwanza, maana habari za Lalla Tuda hazitaki kukatizwa. Mfumaji wetu ametutoka. Amefariki Jumanne, baada ya sala ya alfajiri, akiwa na miaka themanini na mitatu. Mola amrehemu.

Alizaliwa hapa hapa Tagmut, milimani kwetu. Mama yake alimfundisha kufuma kabla hajaota meno ya pili. Akamfundisha na lile tunalolijua sote: zulia likiwa kwenye kitanda cha mfumi, zile nguzo za kufumia, lina roho. Siku ya kulikata, linakufa. Ndiyo maana tunalinyunyizia maji na kulisomea shahada, kama tunavyowafanyia watu wetu.

Basi, miaka kumi na miwili iliyopita, ofisi moja ya mjini ikaamua kutuenzi sisi Waamazighi, wenyeji wa milima hii. Tukafurahi. Kisha tukaambiwa tutaenziwa vipi: nyumba yetu ya kufumia, na hatuna nyingine, itakuwa makumbusho. Wafumaji nje, picha zao ndani. Vitanda vikazungushiwa kamba, na kibao: Usiguse.

Lalla Tuda akaivuka kamba, akaketi mbele ya zulia lake lililofika nusu, akaendelea kufuma. Mlinzi akamwonyesha kibao.

"Mimi sikusoma, mwanangu," akamjibu. "Kisomee kitanda."

Siku ya ufunguzi akaja afisa mwenyewe wa ofisi ile, Bwana Jilali, na mkasi unaong'aa. Utepe haukuwepo. Mbuzi wa jirani alikuwa ameshaula. Mpiga picha akatazama huku na huku, akaona nyuzi za mtande, zile zinazoshikilia zulia la Lalla Tuda kitandani, zimenyooka vizuri, akamwambia afisa akate hizo. Akakata. Wageni wa mjini wakapiga makofi. Sisi tulikuwa tumeshuhudia mauaji.

Lalla Tuda hakupaza sauti. Alichukua bakuli la maji, akalinyunyizia zulia, akalisomea shahada. Ndipo akamgeukia afisa.

"Umeua, mwanangu. Na limekufa changa. Keti tuomboleze."

Akaketi. Angefanyaje, na wanawake walishaanza kulia? Binti wa marehemu, Rqia, ameniambia: "Mama alilia kwa jicho moja. La pili lilikuwa linamlinda Jilali asitoroke."

Matanga yalikwenda siku tatu. Kuskusi ililetwa, chai ya nanaa ikamiminwa. Kila aliyeingia kutoa pole aliuliza nani kaua, akaonyeshwa. Mzee mmoja alimkumbatia afisa, akamwambia asikate tamaa, Mungu huwasamehe hata wauaji. Siku ya tatu Bwana Jilali mwenyewe akauliza fidia ni nini.

"Nyumba," akasema Lalla Tuda. "Fungua kamba."

Akaifungua kwa mikono yake. Nyumba ni yetu hadi leo, wasikilizaji wapendwa. Wasichana kumi na wanne wanafuma humo.

Juzi Bwana Jilali alikuja mazikoni. Sasa amestaafu, ana mvi. Marehemu ameacha zulia nusu, naye akasogea kulitazama.

"Karibu, kaka," Rqia akamwambia. "Mikono mfukoni."

Akaitia. Kisha akaomba ruhusa atoe mmoja tu, aingize gunia la sufu aliloliacha mlangoni.

Rqia na ukoo wote, poleni sana. Mungu awape subira. Nasi tuliobaki tujiulize: tukienda kuwaenzi watu, tunabeba mkasi au tunabeba sufu?

Zulia la Lalla Tuda halijafa. Wasichana wameketi mbele yake tangu asubuhi.