Papa Kambale Adalbert na Kwaya Yake ya Watoto Kumi na Moja

Padri wetu, jamaa, majirani wa Katoyi, na nyinyi wote mulioacha kazi zenu leo kuja kutusindikiza. Familia imenituma mimi Marie-Louise, mudogo wake marehemu, niwasomee maisha yake. Nitasema yale ninayoyajua. Yale tusiyoyajua ni mengi, na hayo pia sitayaficha, sababu tuko mbele ya Mungu na mbele ya mwili wa ndugu yetu.

Marehemu Kambale Adalbert alizaliwa Vitshumbi, pembeni ya ziwa Edouard, tarehe 12 mwezi wa tatu mwaka 1967. Papa wetu Siméon alikuwa muvuvi, na mama wetu Emerance alikausha samaki. Wote wawili walitangulia. Kwetu Wanande, jina Kambale ni la mutoto mwanaume wa pili, Kambere la wa kwanza, na Kasereka la wa tatu. Wa kwanza alikuwa mukubwa wetu Kambere. Hao wawili walilala mukeka mumoja, walivaa suruali moja kwa zamu, na mama alipoita mumoja, waliitika wote. Ninawaambia hayo mapema, sababu ndani yake njo kunatoka mambo yote yaliyofuata.

Masomo ya primere aliyafanya palepale Vitshumbi, na sekondari miaka miwili Kiwanja. Mwalimu mumoja hakumusahau hata alipozeeka. Alikuwa ameuliza darasani: papa ana samaki kumi na mbili na watoto wane, kila mutoto atapata ngapi? Adalbert akasimama na kujibu: "Mwalimu, inategemea nani ana njaa." Alipigwa fimbo, na darasa lote likacheka. Mwaka 1984 papa aliugua, hakuweza tena kwenda ziwani, na marehemu akaacha masomo ili asaidie nyumbani.

Kazi yake ilikuwa biashara ya samaki ya chumvi. Alikuwa anapanda juu ya mizigo kutoka Vitshumbi mupaka Goma, na mwaka 1990 akahamia hapa kabisa, na meza yake kwenye soko la Virunga. Jirani yake wa meza alikuwa papa Munyakazi wa Kibumba, muuza makabeji, ambaye tunamuona pale mbele. Walibishana kila asubuhi kwa miaka zaidi ya makumi matatu. Muteja akifika kwa mumoja, mwingine anamuambia: "Mama, usinunue kwa huyu, samaki yake inajua vita ya zamani." Lakini mumoja akiugua, mwingine anauza meza zote mbili, na hakuna aliyesikia wamegombana. Volkano ya mwaka 2002 ilichoma nyumba ya marehemu. Alijenga tena juu ya kiwanja kilekile, kwa mawe yale yale yaliyomuchomea.

Alioa tarehe 18 mwezi wa kumi 2003, mama Charline Kavira, ambaye tunamupa pole sana. Alikuwa na miaka makumi matatu na sita, mama yetu alikuwa amekwisha kuchoka kuuliza. Mukubwa wetu Kambere naye alioa mwaka uleule, kwa hiyo watoto wa nyumba hizo mbili walifuatana kama vidole. Huku akizaliwa Kambale, na kule anazaliwa Kambale. Mungu aliwapa Adalbert na Charline watoto sita, na Kambere na bibi yake watano.

Tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 2013, gari la mizigo lilipinduka kwenye barabara ya Rutshuru, na mukubwa wetu Kambere akafariki pamoja na bibi yake. Kitinda mimba wao Miriam alikuwa bado ananyonya. Mama Charline alikuwa ananyonyesha Micheline wake, akamupokea Miriam kwenye ziwa la pili. Siku ile tulipotoka makaburini, marehemu alituketisha na kusema: "Kuanzia leo mu nyumba hii kuna watoto kumi na moja. Atakayesema huyu ni wa fulani, asirudie kukula kwangu." Na kweli, neno hilo halikusemwa. Kila Noeli aliwashonea wote kitenge kimoja, cha bulu na ndege wa manjano. Walipoingia kanisani kwa mustari, watu wa kartie, mutaa wetu wote, walisema: "Kwaya ya Adalbert imefika." Wageni wengine walingoja waimbe.

Sasa nafika pale ninaposhindwa kuelewa vizuri, mutanivumilia.

Mwaka 2021, wakati wa volkano ya mwezi wa tano, nyumba ilipasuka ukuta, na vita nayo ilikuwa inakaribia kila mwaka. Mutu huyu aliyejenga juu ya mawe ya moto bila kuogopa, aliamka siku moja na kusema: tunahama, tunaenda ng'ambo, watoto wasome. Mama Charline alifikiri ni homa. Lakini aliuza meza, akafunga mizigo, na wakaondoka wote kumi na tatu kwenda kambi ya wakimbizi Uganda, ili kutoka pale waombe kupelekwa Kanada. Papa Munyakazi aliwasindikiza hadi kwenye basi. Alimuambia: "Adalbert, unahamisha familia ao unahamisha kartie?" Marehemu akajibu: "Ningekubeba na weye, ila basi haipokei makabeji." Halafu wote wawili waligeuka, kila mutu akaangalia upande wake.

Walingoja miaka miwili kule kambini. Mwaka 2023 waliitwa ku biro ya wageni, ofisi inayopokea maombi ya Kanada, kwa maswali. Marehemu alifurahi sana, akawavalisha wote kitenge chao. Mama Charline alikuwepo, njo alinisimulia. Mama wa biro aliuliza kupitia mutafsiri: "Una watoto wangapi?" Akajibu: "Kumi na moja." Mama wa biro akaangalia karatasi: Kambere wawili, Kambale wawili, Kasereka wawili. Halafu akafika kwa Micheline na Miriam, akauliza: "Hawa wamepishana miezi mitano. Mama mumoja anazaa namna gani?"

Miriam, wakati ule wa miaka kumi, alikuwa ameketi palepale, miguu haifiki chini, anamuangalia papa yake.

Marehemu alimuangalia Miriam. Halafu akasema: "Madamu, ni mapacha. Huyu wa pili alichelewa njiani."

Mutafsiri alicheka peke yake. Mama wa biro hakucheka, aliandika.

Walipotoka inje, Miriam alimushika mukono na kuuliza: "Papa, nani alichelewa njiani, mie ao Micheline?" Akamujibu: "Ni weye. Ulisimama kuchuma maua." Mutoto hakuuliza tena.

Kutoka pale dosiye, faili ya maombi yao, haikutembea. Waliambiwa kwamba maelezo ya familia hayapatani, mupaka marehemu akaandika kwa siri kwamba watano ni wa mukubwa wake aliyefariki. Mwanzo wa mwaka huu wa 2025 jibu likafika: baba, mama na watoto sita wanaweza kujitayarisha. Watano wangoje, dosiye yao itaangaliwa peke yake, na wanapaswa kuonyesha wazazi wao walikufa namna gani. Mama Charline anasema marehemu alikaa na jibu lile siku nzima bila kukula. Jioni akauliza: "Charline, siku ya kupanda ndege nitashika mukono ya nani, na nitaachilia ya nani?"

Mwezi wa sita alirudi Goma peke yake kutafuta vibali vya kifo cha mukubwa wetu. Nyinyi wote munajua muji ulivyokuwa baada ya vita kuingia. Biro moja imefungwa, ingine iko wazi lakini vitabu vya zamani havipo. Tulimupatia mashahidi. Papa Munyakazi alisema: "Mie niko tayari kuapa. Nitasema hata samaki yake ilikuwa muzuri, Mungu atanisamehe." Kila kitu kilikuwa tayari, na bado yeye aliahirisha. Leo anasema kesho, kesho anasema juma ijayo. Nilimuuliza, "Kaka, unangoja nini?" Akasema: "Nikipeleka mashahidi, watamuita Miriam na kumusomea wazazi wake ni nani. Acha kwanza akomae kidogo." Mimi sikujua nimushike mukono ao nimugombeze. Nilimupikia tu sombe, akakula.

Sukari alikuwa nayo tangu 2019. Mwezi wa tisa miguu ilivimba, na madaktari wakasema figo zimechoka. Mama Charline alirudi kutoka Uganda kwa basi pamoja na watoto wote kumi na moja, kupitia Bunagana. Tulimuambia awaache wakubwa kule wachunge nafasi ya dosiye. Akajibu: "Papa yao hakunionyesha namna ya kuwagawa."

Kwenye kitanda cha hospitali marehemu alimuita Miriam. Tulikuwepo mimi na mama Charline. Alimuambia polepole, na jasho kwenye uso: "Binti yangu, kuna neno nilipaswa kukuambia zamani. Papa aliyekuzaa alikuwa mukubwa wangu Kambere."

Miriam alijifuta mikono kwenye kitenge. Akasema: "Papa, ninajua."

"Unajua?"

"Tangu mwaka wa kwanza wa primere. Kwaya yote inajua. Tulinyamaza ili usihuzunike."

Ndugu zangu, marehemu alimuangalia mama Charline, mama Charline akaniangalia mimi. Halafu alianza kucheka, kicheko kile chake cha soko, mupaka muuguzi, infirmiere wa zamu, akaingia kuuliza kuna nini. Akacheka na machozi yakatoka. "Kumbe," anasema, "kumbe nilificha nyumba kwa wenye nyumba." Mutoto akapanda juu ya kitanda, akalala pembeni yake. Mimi mupaka leo sijui kama siku ile tulipaswa kulia ao kumushukuru Mungu. Nilifanya vyote viwili ndani ya rozari moja. Safari nzima ilifungwa na neno moja la mchezo, na neno lile lilikuwa la kumufunika mutoto ambaye tayari alikuwa amejifunika mwenyewe.

Baada ya hapo alipungua haraka. Asubuhi moja alimuambia mama Charline: "Nikikufa musikae hapa. Muende, wote." Jioni ya siku ileile alimushika mumoja wa vijana wake, Kambale Benny, na kumuambia: "Mubakie Goma. Nyumba ni ya mawe. Mubakie, wote." Homa ilikuwa juu asubuhi na jioni, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hapa akili yake ilikuwepo na pale haikuwepo. Alipakwa mafuta matakatifu, akapokea komunyo, na akatuacha siku ya yenga, ni kusema Jumapili, tarehe 23 mwezi wa kumi na moja 2025, sikukuu ya Kristo Mufalme, wakati kengele ya misa ya pili inalia. Alikuwa na miaka makumi matano na nane.

Kisha maswali yalianza, tangu kilioni. Wengine wanatuambia: heshimuni neno la asubuhi, wale sita waende na mama yao, wengine watafuata Mungu akipenda. Wengine wanasema: heshimuni neno la jioni, kaburi la papa haliachwi. Tulikaa kama familia mara mbili na hatukusikilizana. Biro ya kule nayo, tulipowapigia, walisema baba akifa wanapaswa kuangalia tena kila kitu, na hawakusema kama ni vizuri ao ni vibaya. Mama Charline anafua vitenge vya watoto. Kambale Benny na ndugu yake Kambale Gratien wanabishana, na kila mumoja analia akimaliza.

Mimi si mutu wa masomo. Ila juzi, wakati tulikuwa tunapanga programu hii, kijana wa imprimeri anayetuchapishia aliniuliza: "Mama, hapa mwisho tuandike marehemu ameacha watoto wangapi? Sita ao kumi na moja?" Nikasimama pale na simu mukononi, nikaona ni swali lile lile la mama wa biro. Nikakumbuka maneno ya asubuhi na ya jioni. Kwenda ao kubaki, sikupata. Lakini mara zote mbili alimaliza na "wote". Asubuhi wote, jioni wote. Na njo nilivyomujibu kijana yule, na familia imekubali, hata Benny na Gratien. Kama ni Kanada, ni kumi na moja, hata tungoje mupaka tuzeeke. Kama ni Katoyi, ni kumi na moja. Mengine Mungu atatuonyesha, na sasa hivi hatuoni.

Marehemu Kambale Adalbert ameacha mujane mumoja, mama Charline Kavira. Dada mumoja, mimi. Rafiki mumoja wa meza, papa Munyakazi. Na watoto kumi na moja, jinsi wanavyofuatana: Kambere Justin, Kambere Moïse, Masika Odette, Kambale Benny, Kambale Gratien, Masika Solange, Kasereka Délice, Kasereka Placide, Kakule Héritier, Micheline, na Miriam aliyechelewa njiani.

Munawaona pale, ndani ya kitenge cha bulu. Kwa wadogo kimekuwa kifupi, mutawasamehe, walikataa kuvaa kingine.

Kaka, Bwana akupokee na akupumzishe miguu ile iliyovimba. Usihesabu tena. Tumefika wote.