Helka Orvokki Tervaniemi, Aliyewinda kwa Sauti Ndogo

Ndugu, majirani na marafiki mliofika leo katika kanisa hili la Korpijärvi, kwa niaba ya familia tunawashukuru kwa kuja katika barabara iliyoganda, na tunaomba mtusikilize kwa muda mfupi tukisimulia maisha ya mpendwa wetu.

Helka Orvokki Tervaniemi alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa Korpijärvi, katika chumba cha sauna cha wazazi wake, marehemu Eemeli na marehemu Lempi Karppinen, akiwa mtoto wa mwisho na binti pekee, na mama yake alikuwa akisimulia kwamba siku hiyo theluji ilikuwa nzito hata kilio cha kwanza cha mtoto hakikuvuka ukuta wa magogo.

Alianza shule ya msingi kijijini hapa mwezi Agosti 1964, akasoma sekondari Kuhmo mjini, lakini kuna elimu aliyoipata kabla ya hizo, nayo alipewa na baba yake. Mzee Eemeli alikuwa amewinda hirvi, yule mnyama mkubwa wa misitu yetu mwenye pembe pana, tangu ujana wake kwa bunduki ya mtutu mtupu, bila kitu chochote masikioni, kama walivyofanya wanaume wote wa rika lake, na binti yake alipofika umri wa kujua kusoma, yeye alikuwa karibu kiziwi. Sisi wa huku tunajua maana yake, kwamba mbwa hutangulia, humsimamisha hirvi kati ya misonobari na kumbwekea asiondoke, na mwindaji huufuata mbweko ule polepole, kwa hiyo mwindaji asiyesikia amebaki na miti tu. Eemeli akaanza kwenda porini na Helka, mtoto akitembea nyuma yake juu ya kuvumwani laini katika ukungu wa Oktoba, na kila aliposikia mbwa alimvuta baba yake mkono wa koti, wa kushoto kama mbweko ulitoka kushoto, wa kulia kama ulitoka kulia. Mikono ya koti lile ilifumuka mabegani, na kila majira ya baridi mama Lempi aliishona upya, akilalamika kwamba ameolewa na mtu anayeendeshwa kwa hatamu kama farasi.

Mwaka 1976 alijiunga na chuo cha uuguzi Kajaani, akahitimu mwaka 1979, kisha akasomea ukunga Oulu hadi mwaka 1981, akaajiriwa katika kliniki ya wajawazito ya Kuhmo tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, na hapo alitumikia mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2020. Mashine za kupimia mapigo ya moyo zilipofika alizitumia, lakini ile pembe ya mti ya wakunga wa zamani hakuiweka kabatini, na akina mama wengi mlioko hapa mnakumbuka alivyoinama juu ya tumbo, sikio moja kwenye pembe, macho yamefumbwa kana kwamba amesinzia, halafu akasema, "Yupo. Anakimbia kama sungura. Sijui anamkimbia nani."

Alikutana na mume wake, Aulis Tervaniemi, mwalimu wa elimu ya maji katika Chuo Kikuu cha Oulu, wakati mtu huyo alipokuja kupima kina cha ziwa letu na kupotea ufukweni mwake, wakafunga ndoa katika kanisa hili Jumamosi ya tarehe 23 Juni 1984, siku ya sherehe ya katikati ya kiangazi. Mzee Eemeli alisimama kando ya binti yake bila kusikia neno hata moja la kiapo, na kilipokwisha, Helka alimvuta mkono wa koti ili ajue kwamba sasa ameshapata mkwe. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Saima, aliyezaliwa tarehe 9 Februari 1986.

Mzee Eemeli alifariki tarehe 3 Novemba 1991. Siku zake za mwisho Helka aliketi kitandani kwake akimwambia yale ambayo mtoto humwambia mzazi wakati kama huo, mzee akitikisa kichwa na kutabasamu kwa adabu, kama mtu anayesemeshwa kwa lugha ya wageni. Baada ya mazishi alimwambia mume wake, "Baba ameondoka na sauti yangu hajaisikia. Mimi nitaondoka nikisikia." Alisema mara moja tu, akiwa anakausha vikombe.

Kadi ya uwindaji alikuwa nayo tangu mwaka 1974, kibali cha polisi cha bunduki alikipata kwa jina lake mwaka 1992, jaribio la kulenga shabaha alilipita kila lilipotakiwa, na mwezi Agosti 1993, kwa kuonyesha kibali hicho dukani Kajaani, alinunua kiwambo cha sauti, cha kupunguza mlio wa risasi, akakifunga kwenye mdomo wa mtutu. Kilikuwa cha kwanza katika chama cha uwindaji cha Korpijärvi, na asubuhi ya kwanza ya msimu wanaume waliacha kahawa yao motoni wakaja kukitazama. Mzee Urpo Heikkilä, mwenyekiti wetu wakati huo, ametupa ruhusa ya kusimulia aliyoyasema.

"Wee binti Karppinen, hiyo chupa ya chai umeifunga hapo kwa nini? Unakwenda kumwinda hirvi au kumkaribisha kahawa?"

"Nitakukaribisha wewe, Urpo," Helka akajibu. "Siku ukizeeka nitakuuliza sukari vijiko vingapi, na hutanisikia."

Mwingine alisema bunduki isiyolia ni bunduki ya jangili. Helka hakumkasirikia, alimpeleka pembeni mwa uwanja wa shabaha na kufyatua, ili asikie mwenyewe kwamba inalia, inasikika ng'ambo ya ziwa, ila haiumizi tena sikio la mwenye kufyatua wala la mbwa wake, na akamweleza kwamba jangili hujulikana kwa kukosa kibali na kwa kuingia ardhi ya watu bila kubisha hodi. Yeye mwenyewe kabla ya kila msimu alizunguka kwa wenye mashamba, akinywa kahawa kila nyumba, akiwaambia siku atakayopita na upande atakaolenga.

Aulis hakuwa mwindaji, lakini aliwahi kumfuata, na alichokumbuka zaidi ni kilichokuja baada ya risasi. Mlio ulikuwa kama mlango mzito wa sauna unaofungwa na mtu mwenye haraka, halafu msitu ukarudi mahali pake papo hapo, ndege wadogo wakaendelea na maneno yao, maji yakasikika chini ya kuvumwani, na Helka alikuwa amevua kofia, akisikiliza pumzi ya mnyama mpaka ilipokwisha. Kisha alikata kitawi cha msonobari akakiweka kinywani mwa hirvi, kwa desturi ya kumpa mnyama tonge lake la mwisho, na wote wawili wakasimama pale, mchana mweupe usio na kivuli, mume asijue wamesimama kwa muda gani.

Katika karamu ya hirvi ya mwaka 2009, kijiji kizima kikinywa mchuzi katika ukumbi wa shule, Helka alikwenda na birika hadi kwa Urpo, akamuuliza taratibu, "Urpo, sukari vijiko vingapi?" Urpo akajibu kwamba naam, inaonekana mvua itanyesha. Ukumbi ulicheka mpaka watu wakaweka vijiko chini, Urpo akamtaka mkewe amwandikie kwenye kitambaa cha karatasi alichoulizwa, akakisoma, akacheka kuliko wote, na msimu uliofuata hakukuwa na bunduki hata moja ya chama chetu isiyokuwa na kiwambo.

Mwezi Februari 2022 Helka aligunduliwa kuwa na saratani ya kibofu. Tarehe 26 Aprili daktari aliwaeleza kwa uwazi na upole kwamba ziko dawa mbili, ya kwanza ina matumaini ya muda mrefu zaidi lakini ina hatari kubwa ya kuharibu usikivu, ya pili ni nyepesi zaidi kwa masikio na pia kwa ugonjwa. Aulis aliomba ya kwanza kabla mke wake hajafungua kinywa.

"Aulis," Helka akasema, "haya masikio nimeyalinda porini miaka yote hii. Nije niyaache kwenye dripu?"

"Mimi nakutaka wewe."

"Mimi ndiyo haya."

Wakiwa njiani kurudi nyumbani, penye daraja la Lentua, Helka aliomba gari lisimame, akashusha kioo. Barafu ya ziwa ilikuwa imeanza kuwa nyeusi, hewa ilikuwa tupu. "Korongo wanakuja," alisema. Aulis alizima injini, akasikiliza, hakusikia kitu, akatazama kusini, hakuona kitu, akaanza kudhani kwamba maumivu yanamzungumzisha mke wake, ndipo sauti ile ikafika, nyembamba, kama inatoka chini ya maji, na korongo wenyewe nyuma yake, wengi, juu sana, wakipita kwenda kaskazini. Mkewe alikuwa anatabasamu tangu kitambo. Aulis hakumwomba tena akubali dawa ya kwanza.

Dawa ya pili ilimpa msimu mmoja kamili. Kiangazi cha mwaka huu alikabidhi bunduki yake na kiwambo chake kwa Saima, kwa kibali kilichotolewa na polisi kwa jina la Saima, na Jumamosi ya tarehe 14 Oktoba 2023, siku ya kwanza ya uwindaji, yeye akiwa kitandani hapa kijijini, dirisha likiwa wazi kwa amri yake, binti yake aliingia msituni na mbwa wao, Turri. Adhuhuri ilikuwa tulivu, theluji ya kwanza ikidondoka kama isiyotaka kufika chini. Aulis alikuwa ameketi upande wa kulia wa kitanda, na ghafla akahisi mkono wa sweta yake unavutwa.

Hakusikia mbwa. Mkono ukavutwa tena, upande uleule, na baada ya muda, kutoka ng'ambo ya ghuba, mlango mzito ukafungwa taratibu. Aulis alimwinamia mke wake, akamwambia yale ambayo mume humwambia mke wakati kama huo, kwa sauti ya kawaida, bila kuipandisha, na Helka akamjibu, "Nimesikia." Alifariki asubuhi ya Jumapili, tarehe 15 Oktoba 2023, akiwa na umri wa miaka 66, ameacha mume, binti na kaka wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kumweleza ukweli, wafanyakazi wenzake wa kliniki, majirani walioteleza na masufuria ya mchuzi mpaka mlangoni kwetu, wenye mashamba waliomfungulia mageti yao, na wanachama wote wa chama cha uwindaji cha Korpijärvi, pamoja na mzee Urpo, aliyeomba kukaa kiti cha mbele ili asikose neno.

Turri yuko nje, ndani ya gari karibu na lango, na jeneza litakapopita huenda akabweka. Tafadhali msimnyamazishe.

Pumzika kwa amani, Helka.