Benchi Langoni mwa Mianzi

Jana kijiwe kizima cha kona ya kinyozi kilikwenda matembezi, kuuona msitu wa mianzi unaosifiwa na kila mtu. Kwa kuwa hakuna aliyeamini kwamba huko kungekuwa na mahali pa kukaa, walilipakia benchi lao kwenye pikapu pamoja na birika la kahawa. Walilishusha langoni, kivulini, hapo wanapochoma mahindi na kukaanga mihogo, wakakaa kidogo tu wapumzike. Walipoinuka, lango lilikuwa linafungwa. Leo benchi limerudi mahali pake, nao wamerudi juu yake, ila Karani mstaafu hajanywa hata funda. Mkewe magoti yalimkataza safari, akamtuma akamtazamie hiyo mianzi, akirudi amsimulie. Jana usiku Karani alijifanya amelala. Asubuhi akatoka kabla hajaulizwa.

— Mwambie ilikuwa mirefu, alisema Kinyozi. Mianzi yote ni mirefu. Hapo hujadanganya.

— Mirefu kiasi gani? Yule mama si mtu wa kuambiwa “mirefu” akanyamaza.

— Kwani pale langoni hukuinua shingo?

— Niliinua. Niliona moshi wa mahindi.

Breki, dereva wa pikapu, aliyepewa jina hilo kwa kile ambacho pikapu yake haina, alisema kosa si lao.

— Wale wachoma mahindi wamewekwa pale makusudi, mzee. Mtu akishiba haingii. Asipoingia, msitu unapumzika. Ni mpango huo, tena mkubwa.

— Wa nani?

— Wa mianzi yenyewe. Haipendi watu.

— Mimi nasema haipo kabisa, alisema Kinyozi. Wangapi wamekwenda huko nikawanyoa siku ya pili? Sijaona hata jani moja kichwani mwa mtu. Na wote wanasifia mihogo.

— Kwa hiyo nikamwambie mke wangu msitu haupo.

— Mwambie tumechunguza tukagundua hivyo. Ina heshima kuliko kusema tulishinda tukibishana kama hindi linapakwa kwanza chumvi au ndimu.

— Ndimu, alisema Breki.

— Chumvi.

— Jamani, hilo ndilo lililotufikisha hapa, alisema Karani. Akajitahidi kunyamaza, akashindwa. Na ni ndimu.

Hapo wakasikia fimbo ikigonga lami. Mke wa Karani alikuwa akija taratibu, mkono mmoja ukutani. Wakajiweka sawa wote, kama wanafunzi.

— Hamjambo, shemeji zangu.

— Hatujambo, shemeji. Karibu.

— Nina swali dogo tu. Huko ndani ya mianzi kuna baridi au joto?

— Baridi, alisema Kinyozi.

— Joto, alisema Breki, papo hapo.

Wakamgeukia Karani. Karani akatazama ndani ya kikombe chake. Miaka yote ya ofisini hakuwahi kukosa neno la kujaza mahali palipo wazi. Leo alilitafuta, hakuliona.

— Suruali yako nimeikung'uta asubuhi, baba watoto, alisema mkewe, bila hasira. Jani halikuwemo. Kulikuwa na maganda ya karanga na punje za mahindi.

Breki akalivuta birika, akajimiminia kahawa.

— Basi, mianzi niachieni nitaiota mwenyewe. Sogeeni nikae. Hayo mahindi yalikuwaje?

Karani akaweka kikombe chini. Alianza na mkaa, akaja kwa mama aliyekuwa akiupepea kwa kipande cha boksi, na vile alivyoligeuza hindi kwa vidole vitupu bila kuungua. Akaeleza rangi ya punje zilipoanza kuiva upande mmoja, na harufu ya ndimu ilivyomfika puani kabla hindi halijafika mkononi. Hakuruka kitu. Kinyozi alitaka kuingiza habari ya chumvi, Breki akamfinya paja.

Mke wa Karani alikuwa amefumba macho.

— Endelea, alisema.