Ko—Shaa!

DADA: Haloo? Haloo, Kalamu?

MTUNZI: Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

DADA: Dada yako. Simu yangu imezima, nimeazima ya fundi viatu. Salio lenyewe la kubahatisha.

MTUNZI: Shikamoo, dada!

DADA: Marahaba. Nimesoma katuni yako mpya ya Shangazi Radi.

MTUNZI: Tayari? Hebu niambie! Toleo langu la kwanza, na—

DADA: Umemponya mguu.

MTUNZI: Eeh! Ukurasa wa mwisho. Radi inampiga, anasimama wima, hachechemei tena! Ulilia?

DADA: Nililia.

MTUNZI: Nilijua tu! Nilimwambia mchoraji, dada'ngu—

DADA: Ngoja kwanza. Mtunzi wa kwanza, yule mama, alimpa mguu mbovu na mlio wake akauandika kwa herufi kubwa. Ko—shaa! Ko—shaa! Majambazi wakisikia mlio ule kwenye ngazi, wanatupa silaha.

MTUNZI: Ndiyo, zile za zamani.

DADA: Wa pili akampa mabawa. Akawa hakanyagi chini kabisa, tusimwone anavyotembea.

MTUNZI: Yule alikuwa mwoga. Mimi mguu nimeukabili—

DADA: Wewe umeufuta.

[mtandao unakwaruza]

MTUNZI: Haloo? Unakatika!

DADA: Nasema, watoto wa mtaani walikuwa wakinizomea ninavyochechemea. Ikaja katuni ya yule mama, watoto wale wale wakawa wananipisha njia. "Ko—shaa! Shangazi Radi huyo!" Unakumbuka?

MTUNZI: Nakumbuka.

DADA: Leo kabinti kamoja dukani kananiuliza, kwa upole kabisa: "Shangazi, mbona wewe hujapona?"



MTUNZI: Dada, mhariri ndiye aliye—

DADA: Mhariri?

MTUNZI: ...Hapana. Ni mimi.

DADA: Haya, na uzinduzi wako wa Jumamosi. Umeniambia nije mapema, nikae kiti cha mbele kabla watu hawajafika.

MTUNZI: Ni heshima hiyo! Sikutaka uhangaike na msongamano—

DADA: Na mimi nilidhani heshima. Nikamtambia hata fundi. Nikamletea kiatu anipandishie soli, nipendeze. Sasa nimekaa kibandani kwake mguu mmoja peku, nimefika ukurasa wa mwisho, ndiyo nikaelewa: watu wasinione nikitembea.

[nyundo ya fundi inagonga]

DADA: Upo?

MTUNZI: Nipo. Naona aibu, dada. Hata hapa peke yangu nimeinamisha kichwa.

DADA: Aibu ipi? Hii ya leo, au ile nyingine?

MTUNZI: ...Zote mbili.

DADA: Afadhali umesema.

MTUNZI: Toleo lijalo namrudishia mguu wake. Bado halijaenda kuchapwa, naweza—

DADA: Hayo yamalize na Shangazi Radi wako. Fundi, nakurudishia simu sasa hivi! Kalamu, salio linaisha. Kiti cha mbele mpe mwingine.

MTUNZI: Usiseme huji, tafadhali—

DADA: Nani kasema? Nakuja. Wakishakaa wote, wametulia, na wewe uko jukwaani. Ukumbi ule sakafu yake ya mbao, eti?

MTUNZI: Ya mbao, ndiyo.

DADA: Basi utanisikia kabla hujaniona. Na usikohoe.

MTUNZI: Nini?

DADA: Nikiingia mahali uko na wenzako, huwa unakohoa. Mlio wangu usisikike. Ulidhani mimi sij—

[simu imekatika]

MTUNZI: Dada? Haloo? Sitakohoa, dada. Haloo?