Mawaridi ya Enid na Ubishi wa Kisigino

Benchi la bustani za kukodi, huko Barnsley, limebanwa kati ya kibanda cha zana na pipa la maji ya mvua, na ndipo mahali pekee ambapo jua la mwezi wa pili hukumbuka kupita. Hapo hukaa wazee watatu na chupa yao ya chai: Dougie, aitwaye Toroli kwa sauti yake ya kukwaruza, Horace, aitwaye Profesa kwa kuwa hujaza fumbo la gazeti kwa wino, na Alwyn, ambaye tangu afiwe na mkewe Enid hakuna anayethubutu kumtania sana. Mbele yao mawaridi ya Enid yamelala mshazari mferejini, mizizi imefukiwa. Alwyn aliyang'oa alipouza nyumba, akayalaza hapo kwa muda tu, mpaka apate pa kuyapanda. Misimu imepita, yangali hapo. Kazi hiyo ya kulaza miche kwa Kiingereza huitwa “heel in”, na heel ni kisigino. Ubishi ulianzia hapo.

— Unafukia mche, unakanyagia kwa kisigino cha buti, basi, alisema Toroli. Neno linajieleza.

— Linajieleza kwako wewe, Profesa akamjibu. Hilo ni neno la mababu, maana yake kusitiri. Kisigino kimedandia tu.

— Kwani mababu hawakuwa na visigino?

— Walikuwa navyo, bwana. Na akili pia.

— Babu yangu alikuwepo vitani. Askari mikono yote iko kwenye bunduki, anaambiwa apande kabichi. Atapandia nini? Ndiyo maana wahenga wakasema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Kuku kaingiaje hapo?

— Kwa mguu.

Chai ikampalia Alwyn kwa kicheko. Aliupenda ubishi huu, maana ulipowaka hakuna aliyemuuliza yeye lolote.

— Watawa, akaanza tena Profesa, walipomkimbia mfalme, walifukia mawaridi ya kanisa wakayachezea ngoma juu, ili askari wadhani ni uwanja wa harusi.

— Watawa na harusi wapi na wapi?

Nasreen, aliyepewa kijishamba cha jirani wiki ile, alikuwa ameegemea reki akiwasikiliza.

— Samahani, wazee wangu. Kulaza huku ni kwa muda, siyo?

— Kwa muda, wakajibu wote watatu. Hilo halikuwa na ubishi.

— Sasa haya yatapandwa wapi?

Toroli akazikagua buti zake. Profesa akainamisha chupa ya chai. Halikutoka hata tone.

— Enid ndiye aliyekuwa akichagua mahali, alisema Alwyn. Mimi nilikuwa nachimba tu. Akamgeukia Nasreen. Wewe, binti yangu, ungeyaweka wapi?

Nasreen akalitazama jua, akaitazama ardhi.

— Hapo mlipokaa.

— Na sisi tukae wapi? akauliza Toroli.

Alwyn alikuwa ameshainuka, ameshika ncha ya benchi, anawangoja wenzake wainuke.